Tukuyu bila msiba: mwongozo kwa kijana anayetaka kuiona Rungwe



Kabla ya safari hii nilikuwa nimefika Tukuyu mara tatu maishani, na mara zote tatu ulikuwa msiba. Unapanda basi Dar na ndugu, mnalia njiani, mnafika usiku, mnazika kesho yake mvua ikinyesha, keshokutwa mnageuza. Kwa upande wa mama mimi ni wa huko huko, lakini ukiniuliza kuna nini Tukuyu ningekwambia kuna baridi, ndizi na makaburi. Basi.

Mara ya nne nilijipeleka mwenyewe. Nilipobisha hodi, mama mdogo akatoka na kanga kiunoni, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akauliza: "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, nimekuja kutembea. Hakuamini. Alimpigia mama simu pale pale kuhakikisha.

Sasa hii makala nawaandikia wale wenzangu na mimi, mnaosoma huku mkihesabu dakika za kafe. Wengi tunajua mlima gani uko Ulaya na ufukwe gani mzuri uko Asia, ila ukiulizwa Ziwa Ngosi liko wapi unakuna kichwa. Nimekusanya niliyoyaona na niliyoyasoma. Kama na wewe una kwenu huko, au huna lakini una nauli, soma mpaka mwisho, maana kuna jambo moja si la utalii tu.

RUNGWE IKO WAPI NA KWA NINI KILA KITU NI KIJANI

Rungwe ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya, na mji wake mkuu ni Tukuyu. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni kilomita 800 na ushee. Ukifika Uyole, kabla hujaingia Mbeya mjini, barabara inakata kushoto kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Hiyo ndiyo yetu. Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni kama kilomita 70 za lami.

Kwanza unapanda. Unafika Isongole, magunia ya viazi yamepangwa barabarani kama ukuta, na hapo ndipo wenye fulana wanaanza kujuta. Halafu unaanza kushuka taratibu: Kiwira, Kyimo, Katumba, Tukuyu. Migomba, chai, migomba tena, parachichi, chai. Hakuna kipande cha ardhi kilichokaa bure.

Siri ya ukijani ni mambo mawili. La kwanza ni volkano. Milima ya Rungwe, Ngosi na Kyejo yote ni volkano, na eneo zima limekaa mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Kyejo ilimwaga lava karibu mwaka 1800, yaani si zamani sana. Majivu yakizeeka yanakuwa udongo mweusi ambao ukichomeka fimbo unaogopa itaota.

La pili ni Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko chini, kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kiko mita 2,960 hivi. Upepo wenye unyevu ukitoka ziwani unagonga ukuta wa milima, unalazimika kupanda, unapoa, na maji yote yanamwagika hapo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Tukuyu mvua haiishi", hajakutania.

Mvua kubwa zaidi ni Machi mpaka Mei. Mimi nilikwenda Aprili kwa sababu ndipo nilipopata likizo. Msinifuate. Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba. Ila Juni na Julai baridi yake si mchezo, beba sweta la kweli, siyo la kupigia picha.

ZIWA NGOSI: HAPA NDIPO NILIPOPATA FUNDISHO

Ngosi ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, kwenye safu ya Poroto. Lina urefu wa kama kilomita 2.5, upana wa kilomita 1.5 hivi, na kina cha zaidi ya mita 70. Hakuna mto unaouona ukiingia wala kutoka. Volkano yenyewe ililipuka mara ya mwisho chini ya miaka elfu moja iliyopita, na chini bado kuna moto. Ndiyo maana kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, imekuwa ikichunguza eneo hilo ili kupata umeme wa mvuke.

Watu wa pale watakwambia mengine: kwamba ziwa lina umbo la ramani ya Afrika, kwamba linabadilika rangi, kwamba kuna nyoka mkubwa, kwamba Wajerumani walificha mali. Sikiliza zote, ni utamu wa safari. Rangi inabadilika kweli, na mimi kwa macho yangu niliona ni wingu likipita.

Unashuka kwenye gari barabara kuu, unachukua bodaboda mpaka chini ya mlima, halafu mguu. Kupanda ni saa moja au moja na nusu kwa mtu wa kawaida. Unaingia msitu wa mvua hasa: miti imevaa kuvu na majani mpaka kwenye matawi, mianzi, na giza saa sita mchana. Njia ni mizizi na tope.

Mimi nilikuwa nimevaa raba za mjini, zile za soli laini. Nilianguka mara tano. Kiongozi wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na buti za mpira za shambani na hakuteleza hata mara moja. Alinicheka kwa adabu.

Tukafika ukingoni. Jamani. Chini kabisa, kama mita 200 hivi, ziwa la kijani limetulia kama limemwagwa sasa hivi, kuta za msitu pande zote, ukungu unaingia na kutoka. Hakuna nyumba, hakuna mtumbwi, hakuna kelele.

Nikamwambia: "Twende chini nikanawe uso."

"Leo hapana, kaka."

"Nakuongezea."

"Hata ukiniongezea. Udongo umelowa. Kushuka utashuka. Kupanda nitakubeba mimi?"

Nilikasirika, nisidanganye. Nimetoka Dar, nimepanda na tope, halafu mtu ananizuia hatua za mwisho. Nikasogea kidogo kwenye ile njia ya kushukia kumwonyesha kwamba naweza. Jiwe nililokanyaga likang'oka, likaondoka. Tulilisikia likigonga miti muda mrefu, halafu hatukulisikia tena. Nikarudi nikakaa. Hakusema neno, akanipa ndizi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: chukua kiongozi wa pale pale, na akisema hapana ni hapana. Ukingoni panatosha kabisa. Anayetaka kushuka asubiri kiangazi, awe na kamba na mtu anayejua. Na tafadhali lipa ada ya msitu na mlipe kijana hela yake yote kama mlivyokubaliana. Wengine wakishaona ziwa wanaanza kupunguza bei wakati wa kurudi. Hiyo siyo ujanja.

MLIMA RUNGWE NA MNYAMA ASIYEJULIKANA

Hapa ndipo kwenye lile jambo nililosema.

Miaka mingi wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakizungumza juu ya mnyama mmoja wa msituni wanayemwita kipunji. Wengine walidhani ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la WCS waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe wakayafuatilia yale maneno ya wawindaji, wakaenda kutafuta, na wakamwona. Nyani wa kahawia, mwenye nywele ndefu zilizosimama kichwani kama amepigwa na umeme, na sauti yake ni kama honi na kubweka kwa pamoja. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta Udzungwa pia, msitu wa Ndundulu.

Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba ni aina mpya. Mwaka huo huo mkulima mmoja jirani na Mlima Rungwe akamkuta kipunji mmoja amekufa kwenye mtego ndani ya shamba lake la mahindi. Vipimo vya vinasaba vya yule aliyekufa ndivyo vilivyoonyesha kwamba siyo aina mpya tu, ni ukoo mpya kabisa. Mwaka 2006 akapewa jina la kisayansi Rungwecebus kipunji. Mara ya mwisho kwa ukoo mpya wa nyani kutambuliwa Afrika ilikuwa 1923. Yaani wakati watu wanapeleka mitambo sayari ya Mars, kulikuwa na nyani mzima hapo Tukuyu ambaye sayansi haikuwa na habari naye. Wawindaji walikuwa nazo siku zote.

Sasa hesabu. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria vipunji 1,117 tu duniani kote, na zaidi ya elfu moja kati yao walikuwa Rungwe na misitu inayopakana na Kitulo. Chukua shule moja kubwa ya sekondari ya Dar, wanafunzi wake peke yao wanaweza kuzidi idadi hiyo.

Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na sasa uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Uwindaji, kukata mbao na kuchoma mkaa ndani yake ni kosa. Karatasi hiyo ni nzuri. Ila nenda ukae na watu wa pembezoni uwasikie. Nyani wakishuka kwenye mahindi wanakula ada ya mtoto. Parachichi lina soko mpaka nje ya nchi, kila mtu anataka kipande cha kupanda. Kuni lazima zitoke mahali. Mtego mmoja wa waya ni bei rahisi.

Nilimuuliza yule kiongozi wangu wa Ngosi kama amewahi kutega. Akasema ndiyo, alipokuwa mdogo, na mjomba wake. Nikamuuliza kwa nini aliacha. Akasema: "Siku hizi mgeni mmoja ananipa zaidi ya mnyama mmoja. Tatizo wageni ni wachache. Mvua zikianza hata wiki mbili hapiti mtu."

Hayo maneno nimeyabeba mpaka leo. Kwa hesabu yake, msitu una mlinzi akiwa na wageni, asipokuwa nao msitu hauna mlinzi. Na wageni si lazima watoke Ulaya. Mimi na wewe tukienda wawili wawili tunahesabika.

Ukitaka kupanda Rungwe, pata kibali cha TFS kwanza. Ni safari ya siku nzima, kwenda na kurudi, na inataka mapafu. Kumwona kipunji ni bahati, usimdai kiongozi. Kumsikia inawezekana zaidi.

MAENEO MENGINE YASIYOKULA HELA NYINGI

Daraja la Mungu na Kijungu. Yako upande wa Kiwira. Lava iliyopoa ilifunika mto, maji yakaendelea kula chini mpaka likabaki daraja la jiwe ambalo hakulijenga mtu. Kijungu ni mahali Mto Kiwira unapozama kwenye shimo la mwamba kama sufuria, unazunguka, halafu unatokea mbele. Ni jirani na chuo cha Magereza, kwa hiyo uliza kabla ya kupiga picha hovyo. Na usikae kwenye ukingo wenye utelezi kwa ajili ya picha ya dakika moja.

Ziwa Masoko, wengine huliita Kisiba. Liko kama kilomita 15 kutoka Tukuyu, njia ya kwenda Matema. Ni ziwa dogo la duara, nalo ni la volkano. Wajerumani waliweka kambi ya jeshi hapo na jengo lao la mawe bado lipo. Vijana wa pale huzamia kutafuta sarafu za zamani ambazo inasemekana Wajerumani walizitupa vita vilipowazidi. Ukiuziwa sarafu, nunua kwa sababu umeipenda, siyo kwa kuamini utatajirika. Wanasayansi nao walizamisha mitambo wakatoa tope la chini ya ziwa hilo, na ndani ya tope wamesoma habari za mvua na ukame wa zaidi ya miaka 40,000.

Maporomoko ya Kaporogwe. Yako kusini mwa Tukuyu. Nyuma ya pazia la maji kuna pango unaloweza kusimama. Utalowa.

Kitulo. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi, wenye aina zaidi ya 350 za mimea, okidi peke yake aina 45. Maua yanachanua Desemba mpaka Aprili, yaani hapo kalenda inagombana na ile ya Ngosi, chagua mwenyewe. Viazi vya okidi hizo huchimbwa kwa magendo na kupelekwa Zambia kutengeneza chakula kinachoitwa chikanda, ndiyo moja ya sababu za kuweka hifadhi. Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko mgeni, beba kitambulisho.

Matema. Ukishachoka na baridi, shuka Ziwa Nyasa. Mchanga, maji matamu, na Milima ya Livingstone imesimama ukutani nyuma yako. Jumamosi kuna mnada wa vyungu Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Chungu kimoja nilimpelekea mama. Kilifika Dar kizima, mimi ndiye niliyefika nimevunjika mgongo.

MJI WA TUKUYU WENYEWE

Usitegemee maghorofa. Wajerumani waliuita Neu Langenburg na boma lao bado ni alama ya mji. Utamaliza kuuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini soko lake ni raha: parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto, ndizi za kila sura, maharage, mchele wa Kyela unaonukia hata haujapikwa. Agiza mbalaga, ndizi zilizopikwa, kwa mama ntilie yeyote, na mtindi pembeni.

Salamu: asubuhi sema "ugonile", na kwa mkubwa "mugonile". Kushukuru ni "ndaga fijo". Maneno hayo mawili tu yalinishushia bei ya ndizi.

Malazi: gesti zipo za kila mfuko. Mimi kwenye moja, sitaitaja, niliambiwa kuna maji ya moto. Yalikuwepo kweli, kwenye ndoo, saa kumi alfajiri, na lazima uwahi kabla ya wapangaji wengine. Uliza kila kitu kabla ya kulipa.

Usafiri: kutoka Mbeya kuna Costa za Tukuyu na Kyela kutwa nzima. Kutoka Dar mabasi yapo mengi, na tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo siku haipotei yote barabarani. Mwenye uwezo anaruka mpaka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa 2012.

Mgonjwa wa kifua abebe dawa zake. Milimani huku mtandao wa simu unakatika, mwage mtu taarifa kabla ya kuingia msituni.

MWISHO

Siku ya kuondoka mama mdogo alinifungia mkungu mzima wa ndizi, kama kawaida. Nikamwambia ni mzito. Akasema: "Mkija kwenye msiba mnaondoka mikono mitupu kwa sababu ya huzuni. Leo hakuna huzuni, beba."

Nikabeba.

Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Akasema, huko msituni ulikokwenda, lile ziwa likoje? Ana miaka sitini na kitu, amezaliwa na kukulia hapo, na hajawahi kufika Ngosi hata siku moja. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaziangalia taratibu moja moja, akarudia. Akasema kumbe.

Kwa hiyo wadau, siyo sisi wa mjini peke yetu tusiopajua kwetu. Kiangazi kijacho nakwenda tena, na mama mdogo amesema anakuja mpaka pale bodaboda inapoishia, "nione hata miti tu". Wewe mwenye kwenu Rungwe, Makete, Kyela, Lushoto au popote, usisubiri simu ya saa nane usiku ndiyo upande basi.

Waliowahi kufika watupe bei za sasa na njia nzuri hapo chini kwenye maoni. Na kama nimekosea mahali, wenyeji wa Tukuyu nirekebisheni bila matusi.

Nawasilisha.